Kung'arisha Meno Yaliyobadilika Rangi: Anza kwa Kujua Doa Limekaa Wapi

Mtu anapojitazama kwenye kioo na kuona meno yake yamefifia au yamegeuka manjano, swali la kwanza linalomjia huwa ni dawa gani apake. Swali hilo limeruka hatua. Rangi ya jino hubadilika kwa sababu nyingi zisizofanana, na dawa inayoondoa doa la aina moja haigusi kabisa doa la aina nyingine. Tena zipo tiba za nyumbani ambazo humpa mtu weupe wa wiki mbili, kisha zikamwachia meno ya manjano kuliko yalivyokuwa mwanzo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na uchunguzi, unapita kwenye usafishaji, na ndipo unapofika kwenye kung'arisha kwenyewe. Namwomba msomaji asiruke hatua mbili za mwanzo hata kama ana haraka, kwa kuwa wapo wanaozikamilisha vizuri na kugundua kwamba hawaihitaji ya tatu.

Hatua ya kwanza: litambue doa

Jino lina matabaka. Tabaka la nje ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, nacho hupitisha mwanga kiasi kama kioo chenye ukungu. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ni ya manjano. Rangi inayoonekana kwenye kioo ni ya dentini ikichungulia kupitia enameli, pamoja na uchafu wowote ulioshika juu. Ndiyo sababu chonge huwa na manjano zaidi kuliko meno ya mbele hata katika kinywa kisicho na kasoro, maana dentini yake ni nene. Na ndiyo sababu meno hukolea rangi kadiri umri unavyosonga, kwa kuwa enameli hulika kidogo kidogo huku dentini ikiongezeka kwa ndani. Hapo hakuna ugonjwa wala kosa la mtu.

Chukua kioo kidogo, simama karibu na dirisha wakati wa mchana, kisha vuta midomo pembeni. Taa yenye mwanga wa manjano haifai kwa kazi hii. Tazama mahali doa lilipo kabla ya kutazama ukolevu wake. Doa lililokaa kando ya fizi, kwenye nafasi kati ya jino na jino, au nyuma ya meno ya mbele ya chini, kwa kawaida ni doa la nje. Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno hayo ya chini: ukihisi mkwaruzo kama wa ukuta ambao haujapigwa lipu, hapo pana ugaga, yaani ukoga ulioganda kwa madini ya mate, nao hushika rangi upesi kuliko jino lenyewe. Madoa ya nje huletwa zaidi na chai, kahawa, divai nyekundu na tumbaku. Wapo pia wanaoyapata wakiwa kwenye matibabu: dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ikitumika kwa wiki kadhaa huacha rangi ya kahawia kwenye meno na hata kwenye ulimi, na dawa za maji zenye madini ya chuma huweza kuacha weusi. Aliyeanza kuona doa baada ya kuandikiwa dawa hizo asizikatishe mwenyewe, bali arudi kumuuliza aliyemwandikia.

Doa la ndani lina sura nyingine. Halifuati mstari wa fizi, halikwanguki, na mara nyingi mwenyewe analikumbuka tangu meno yake ya ukubwani yalipoota. Mtoto aliyekunywa maji yenye floridi nyingi mno katika miaka ambayo meno hayo yalikuwa yanaumbwa ndani ya taya, yaani tangu uchanga hadi karibu umri wa miaka 8, huota meno yenye mistari au mabaka meupe kama chaki. Hali ikiwa kali, mabaka hugeuka kahawia na uso wa jino ukawa na vishimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji ya kunywa, na yapo maji ya visima, hasa penye miamba ya volkano, yanayokivuka kikomo hicho kwa mbali. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wenye meno ya namna hiyo wameishi wakiambiwa kwamba hawapigi mswaki. Wanapiga. Doa lao liliingia kabla jino halijatokeza nje ya fizi, na hakuna mswaki unaoweza kulifikia.

Vivyo hivyo, antibiotiki za kundi la tetrasaiklini zikitumiwa na mama mjamzito au na mtoto aliye chini ya miaka 8 hujishikiza kwenye dentini inayoumbwa na kuacha mikanda ya kijivu, ya manjano au ya kahawia inayokata jino kwa upana. Madoa haya ni sugu, lakini si ya kukatiwa tamaa, kama nitakavyoeleza.

Halafu kuna habari ya jino moja. Ikiwa jino moja tu ndilo limekuwa la kijivu au limeanza kuwa jeusi, na mengine yana rangi yake ya kawaida, acha kabisa habari ya kung'arisha kwa sasa. Jino linalobadilika peke yake, hasa lililowahi kugongwa katika mchezo au kwenye ajali, huenda kiini chake chenye mishipa kimekufa. Laweza kukaa hivyo kwa miaka bila maumivu yoyote, huku maambukizi yakitafuna mfupa kwenye ncha ya mzizi. Jino hilo linahitaji kupigwa picha ya eksirei. Kulipaka jeli ya kung'arisha ni kupaka rangi mlango wa nyumba inayoungua ndani.

Hatua ya pili: ondoa kilicho juu ya jino

Nenda kwa daktari wa meno kabla ya kununua kitu chochote cha kung'arisha. Nia hapa ni kupata mambo matatu katika ziara moja: kuhakikisha hakuna tundu, ufa wala fizi zilizovimba, kwa kuwa dawa ya kung'arisha ikipenya kwenye tundu humfanya mtu ajute, kukwanguliwa ugaga na kusuguliwa madoa ya nje, na kupimiwa rangi ya meno. Upimaji huo hufanywa kwa kulinganisha jino na safu ya vijino vya mfano vyenye rangi 16 zilizopangwa kwa herufi A, B, C na D, ambapo A ni zile zinazoelekea wekundu wa kahawia, B manjano, C kijivu, na D wekundu uliochanganyika na kijivu. Mwombe daktari akutajie rangi yako na uiandike. Bila kipimo hicho, baada ya wiki mbili utakuwa unabishana na kumbukumbu yako mwenyewe, na kumbukumbu ya rangi ni dhaifu sana.

Baada ya usafishaji, kaa wiki moja au mbili ukitunza kinywa ipasavyo kabla ya kuamua kama bado unataka kuendelea. Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, kwa mswaki wenye nywele laini na dawa ya meno yenye floridi. Shika mswaki kama unavyoshika kalamu ili usikandamize, elekeza nywele zake kwenye mpaka wa jino na fizi, na zungusha taratibu. Pitisha uzi wa meno kati ya jino na jino mara moja kwa siku, maana huko ndiko doa linakorudi kwanza. Ukinywa chai au kahawa, imalize kwa mara moja badala ya kuisogeza kidogo kidogo asubuhi nzima, kisha sukutua kwa maji.

Dawa za meno zinazouzwa kwa jina la kung'arisha zinaingia hapa hapa, kwenye hatua ya usafishaji. Nyingi zina chembe za kusugua, na hizo huondoa doa la nje tu. Nyingine zina rangi ya buluu au zambarau inayobaki juu ya jino kwa muda na kuficha manjano machoni. Jino linaonekana jeupe kwa saa kadhaa, lakini hakuna kilichobadilika ndani yake. Si ulaghai, mradi mnunuzi ajue anachonunua. Jihadhari tu na zile zinazokwaruza sana. Ukali wa kusugua hupimwa kwa kipimo maalumu ambacho kikomo chake cha kimataifa ni 250, na mtu mwenye fizi zilizosinyaa au meno yanayoshtuka kwa baridi anafaa kutafuta dawa iliyo chini sana ya kikomo hicho.

Bikaboneti ya sodiamu, ile soda nyeupe laini ya kuumulia keki, inastahili kutetewa kidogo. Haikwaruzi sana, huyeyuka upesi kwenye mate, na hupunguza asidi kinywani. Ukitaka kuitumia, lowesha kiasi cha ncha ya kijiko cha chai kwa maji, usugue kwa upole mara moja au mbili kwa wiki, kisha malizia kwa dawa yako ya kawaida, kwa sababu soda peke yake haina floridi na haizuii meno kutoboka. Isichanganywe na limau wala siki. Ule mchemko unaopendeza macho ni soda na asidi zikimalizana nguvu. Wala usiitumie magadi ukidhani ni kitu kilekile. Magadi ni makali zaidi na huunguza fizi.

Mambo ya kuacha kabisa

Enameli hairudi. Chembe hai zilizoitengeneza hufa jino linapoota, na tangu siku hiyo mtu anaishi na akiba aliyonayo. Kila shauri la kung'arisha linafaa kupimwa kwa jambo hili moja, na mashauri mengi yanayosambazwa yanashindwa kipimo hiki.

Limau ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa linaonekana kufanya kazi. Enameli huanza kupoteza madini pale pH ya kinywa, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi huwa kali zaidi, inapoteremka chini ya takriban 5.5, na maji ya limau yako kati ya 2 na 3. Ukilisugua kwenye jino, asidi hulainisha uso wa enameli, doa lililoshika juu huondoka pamoja na ule uso wenyewe, na jino hubaki jeupe lenye mparuzo kama chaki. Mtu hufurahi. Akirudia kwa miezi, enameli inakonda, dentini ya manjano inajitokeza zaidi, na jino linakuwa la manjano kwa namna ambayo hakuna jeli itakayoirudisha. Zaidi ya hayo linaanza kumshtua kila anapokunywa maji ya baridi. Siki, nanasi, na matunda mengine machachu yanayopondwa na kupakwa kwenye meno yana hesabu hiyo hiyo. Kula tunda, lakini usilisugue kwenye jino, na ukishakula kitu kichachu subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki ili mate yapate muda wa kuikaza tena enameli iliyolainika.

Mkaa, uwe wa kawaida au ule wa dukani uliosagwa laini, hukwaruza, na hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unang'arisha kuliko dawa ya meno ya kawaida. Chembe zake hujificha kwenye nyufa ndogo na kwenye kingo za meno yaliyozibwa, zikaacha mstari mweusi. Majivu na chumvi ya mawe viko katika fungu hilo. Dawa za kufulia zenye klorini zisikaribie kinywa kwa hali yoyote. Nisingeliandika jambo hili kama nisingejua kwamba kuna wanaolijaribu. Na ile hidrojeni peroksaidi ya kuoshea vidonda isigeuzwe kuwa dawa ya kusukutua kila siku: haikuchanganywa kwa ajili ya kazi hiyo, haikai kwenye jino kwa muda wa kutosha kulibadilisha, na huunguza utando laini wa kinywa.

Hatua ya tatu: kung'arisha kwenyewe

Kung'arisha kwa maana halisi, yaani kubadilisha rangi iliyo ndani ya jino bila kulikwangua, hufanywa na peroksaidi. Kuna namna mbili za dawa hii: hidrojeni peroksaidi yenyewe, na kabamidi peroksaidi ambayo ikikutana na mate huvunjika na kutoa hidrojeni peroksaidi pamoja na urea. Peroksaidi hupenya enameli hadi kwenye dentini, na oksijeni yake huzikatakata molekuli kubwa zenye rangi kuwa ndogo zisizo na rangi. Wakati wa kusoma vibandiko vya bidhaa kumbuka kwamba kabamidi peroksaidi ya asilimia 10 hutoa hidrojeni peroksaidi ya takriban asilimia 3.5 tu, kwa hiyo namba kubwa kwenye kifungashio kimoja si lazima iwe nguvu kubwa kuliko namba ndogo kwenye kingine.

Nani asianze? Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, si kwa sababu madhara yamethibitishwa, bali kwa sababu ni jambo lisilo na haraka. Vijana walio chini ya miaka 18 wasitumie bila daktari. Mwenye matundu, fizi zinazotoka damu au mizizi iliyo wazi atibiwe kwanza. Na aliye na taji (kofia ya bandia inayofunika jino), meno ya bandia au meno ya mbele yaliyozibwa ajue mapema kwamba peroksaidi haibadilishi rangi ya vifaa hivyo. Meno ya asili yatakuwa meupe, navyo vitabaki vilivyo na kuanza kuonekana.

Nikiulizwa njia ninayoipendekeza kwa mtu mwenye meno ya manjano ya umri au ya madoa yaliyozama, jibu langu ni trei iliyotengenezwa na daktari wa meno pamoja na jeli ya kabamidi peroksaidi ya asilimia 10, itumiwe nyumbani usiku. Njia hii ilielezwa katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1989 na Haywood na Heymann wa Marekani, na tangu hapo imechunguzwa kuliko nyingine zote. Ni ya polepole, na upole huo ndio fadhila yake. Daktari huchukua umbo la meno yako na kulitengenezea ala nyembamba ya plastiki laini inayokaa sawasawa bila kupanda juu ya fizi. Kazi ya kila usiku ni hii:

1. Piga mswaki na upitishe uzi kama kawaida, kisha temea na usukutue vizuri.

2. Weka tone la jeli, lenye ukubwa wa punje ya mchele, ndani ya trei kwenye upande wa mbele wa kila jino unalotaka kulisafisha. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Jeli nyingi haiongezi weupe. Hufurika kwenye fizi na kumezwa.

3. Vaa trei taratibu, kisha ifute kandokando kwa kidole au pamba na utoe jeli iliyofurika. Ukiona ukingo wa fizi umegeuka mweupe siku ya pili yake, jeli imeugusa. Kwa kawaida hupona yenyewe, lakini punguza tone.

4. Ivae kwa muda ulioelekezwa na daktari. Kwa asilimia 10 watu wengi hulala nayo. Kwa asilimia 16 hadi 22 muda huwa mfupi zaidi. Jeli ya kabamidi hutoa nguvu yake polepole, sehemu kubwa katika saa chache za kwanza.

5. Asubuhi ivue, sukutua, piga mswaki, na uioshe trei kwa maji ya baridi. Maji ya moto huikunja, nayo ikishakunjika haifai tena.

Anza na meno ya juu peke yake. Baada ya usiku wa tano hivi, tazama juu na chini kwa pamoja kwenye ule mwanga wa dirishani, na tofauti itakuambia kama dawa inafanya kazi au la. Ndipo uongeze meno ya chini. Kwa manjano ya kawaida wiki mbili hadi tatu hutosha. Kwa madoa ya sigara yaliyozama mwezi mmoja hadi mitatu si muda mrefu. Kwa mikanda ya tetrasaiklini huchukua miezi mitatu hadi sita ya kila usiku, na wakati mwingine zaidi, chini ya uangalizi wa daktari; mikanda iliyo karibu na fizi huwa ya mwisho kukubali. Watu hukata tamaa mwezi wa kwanza kwa sababu hakuna aliyewaambia hesabu hii.

Ganzi ya meno, ile hali ya jino kushtuka likiguswa na baridi au hata hewa, huwapata wengi wanaong'arisha. Ni ya muda. Tumia dawa ya meno yenye nitrati ya potasiamu asilimia 5, ikiwezekana kuanzia wiki mbili kabla. Unaweza pia kuiweka ndani ya trei kwa dakika 10 hadi 30 kabla ya jeli. Ikizidi, ruka usiku mmoja au miwili. Hupotezi kitu kwa kupumzika. Maumivu makali ya jino moja yasiyokoma baada ya kuacha dawa ni jambo jingine, na hilo ni la kurudi kwa daktari.

Utepe wa kubandika ulio na peroksaidi ni mbadala wa bei nafuu, nao hufanya kazi kweli kwa meno yaliyopangika vizuri. Hubandikwa kama nusu saa kwa siku kwa wiki mbili au kulingana na maelezo ya mtengenezaji. Udhaifu wake ni kwamba haushiki penye meno yaliyopandana, hivyo kona hubaki na rangi ya zamani. Trei za ukubwa mmoja kwa kila mtu, zinazouzwa pamoja na kijitaa cha buluu, sizipendekezi, kwa sababu humwaga jeli kwenye fizi.

Kung'arishwa kliniki

Anayehitaji matokeo haraka hufanyiwa na daktari kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 25 hadi 40. Fizi hufunikwa kwa utando unaogandishwa kwa mwanga, midomo na macho hukingwa, kisha jeli hupakwa kwa vipindi vya kama dakika 15 na kufutwa, mara tatu hivi. Kazi yote huchukua saa moja au zaidi kidogo. Taa inayomulikwa juu ya meno haijathibitika kuongeza kitu cha kudumu kwenye kazi ya jeli, kwa hiyo mtu asilipie zaidi kwa ajili ya taa pekee. Jambo la kujua kabla ni kwamba jino lililokaa wazi muda huo wote hukauka, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Rangi hurudi nyuma kidogo ndani ya siku chache maji yanaporejea ndani yake. Usiihukumu kazi siku ile ile kwenye kioo cha kliniki. Ihukumu baada ya wiki mbili. Madaktari wengi huunganisha njia mbili, kikao kimoja kliniki kisha trei nyumbani, na huo naona ni mpango mzuri.

Usikubali kufanyiwa kazi hii saluni. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya zilizopitishwa mwaka 2011, bidhaa ya meno yenye hidrojeni peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 hadi asilimia 6 huuzwa kwa madaktari wa meno tu, na matumizi ya kwanza ni lazima yafanywe na daktari au chini ya usimamizi wake. Popote mtu alipo, kanuni hiyo inafaa kuwa kipimo chake, maana asiye daktari hawezi kuliona tundu wala ufa kabla ya kumwaga dawa juu yake. Baadhi ya wasio madaktari hukwepa peroksaidi na kutumia klorini dioksaidi, ambayo ni ya asidi na hula enameli. Uliza jina la dawa. Asiyeweza kukutajia, mwache.

Kwa lile jino moja la kijivu, daktari akishathibitisha kwamba kiini kimekufa, hutibu mzizi kwanza, kisha huweza kuweka dawa ya kung'arisha ndani ya jino lenyewe, akalifunga kwa muda na kuibadilisha kila baada ya siku kadhaa hadi rangi ifanane na ya jirani zake. Kwa mabaka ya floridi, peroksaidi peke yake mwanzoni hufanya mabaka meupe yaonekane zaidi, kwa kuwa nayo hung'aa. Mara nyingi hutulia baadaye meno mengine yanapoyafikia. Mabaka ya kahawia yaliyo juu huweza kuondolewa kwa kusugua tabaka jembamba sana la enameli kwa asidi na unga maalumu, au kufichwa kwa utomvu wa plastiki unaopenyezwa ndani ya baka, kazi ambazo ni za daktari tu. Vipande vyembamba vya kauri vinavyobandikwa mbele ya meno huja mwisho wa orodha yangu, kwa sababu mara nyingi jino huchongwa ili vikae, na kilichochongwa hakirudi.

Baada ya weupe

Katika siku mbili za kwanza baada ya kikao cha kliniki, na wakati wote unapotumia trei, punguza vitu vyenye rangi kali na uache tumbaku. Ikiwa una jino la mbele lililozibwa ambalo sasa halifanani na mengine, usiende kulibadilisha siku ya pili yake. Subiri wiki mbili: oksijeni iliyobaki ndani ya enameli hudhoofisha mshiko wa dawa ya kuzibia, na rangi yenyewe bado inatafuta kutulia.

Weupe hauishi milele. Hudumu miezi kadhaa hadi miaka michache kulingana na anachokula, anachokunywa na anachovuta mtu. Kwa hiyo itunze trei yako kwenye kikopo chenye matundu ya hewa, mbali na jua na mbali na mbwa, ambao hupenda sana kuitafuna, na hifadhi mirija ya jeli iliyobaki kwenye jokofu. Rangi ikianza kufifia, ilinganishe na namba uliyoandika siku ya kwanza. Usiku mmoja hadi mitatu ya jeli mara nyingi hutosha kuirudisha, na hakuna haja ya kuanza upya wiki mbili nzima.